Acha kumsaka mchawi: namna ya kudhibiti mabaka ya mwasho yasiyojulikana chanzo

Baka linavimba mkononi, linawasha kama umepakwa upupu, baada ya saa chache halipo na halikuacha hata alama. Usiku yanaibuka mengine mgongoni na mapajani. Ugonjwa wa namna hii unaitwa urtikaria, na ukitokea karibu kila siku kwa wiki 6 au zaidi unahesabiwa kuwa sugu. Wagonjwa wengi huuita aleji tu, na jina hilo ndilo linalowaponza.

Mtu akishaambiwa ana aleji anaanza kumsaka mchawi. Leo anaacha mayai, kesho samaki, wiki ijayo anabadilisha sabuni, mafuta ya kupaka, hata mto wa kulalia. Mwezi unaisha, mezani kimebaki chakula cha aina moja, na mabaka yako palepale. Urtikaria iliyodumu zaidi ya wiki 6 ni nadra sana kuletwa na chakula. Chini ya ngozi kuna seli ziitwazo masti, zilizojaa vifuko vya histamini. Kwa wagonjwa wengi wa aina hii, kinga ya mwili imetengeneza kingamwili zinazozichokoza seli hizo bila adui yeyote kuingia. Vifuko vinafunguka, histamini inamwagika, mishipa midogo ya damu inatanuka na kuvuja majimaji, ngozi inaumuka. Histamini hiyohiyo inagusa neva, nawe unajikuna. Ndiyo maana orodha ya ulichokula jana haikufikishi popote, lakini dawa inayoizuia histamini inafanya kazi hata kama chanzo hakijulikani na hakitajulikana.

Majina ya dawa humu tumeyaandika kama yanavyosomeka kwenye boksi, ili usipate taabu dukani.

Hakikisha kwanza kwamba ni urtikaria

Chukua kalamu ya wino. Baka jipya likijitokeza, lizungushie mstari ukingoni na uandike saa pembeni, juu ya ngozi yenyewe. Fanya hivyo kwa mabaka mawili au matatu, uyakague kila baada ya saa chache mpaka zitimie saa 24. Kama ni urtikaria ya kawaida, utalikuta duara la wino limebaki peke yake na ngozi ndani yake ni laini kama haikuguswa, pengine baka jingine limechomoza kando ya mstari. Kama baka limekaa ndani ya duara lilelile siku nzima, linauma au linachoma kuliko kuwasha, na likiondoka linaacha doa kama la kuvilia damu, huenda kuta za mishipa midogo ndizo zilizovimba. Huo ni ugonjwa mwingine. Daktari wa ngozi atakata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe, na duara lako la wino litakuwa limemfupishia kazi.

Picha nyingi za ugonjwa huu zinaonyesha mabaka mekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani kabisa. Kinachoonekana ni mwinuko wenye rangi ileile ya ngozi, au uliokoza kidogo. Zima taa ya dari, washa tochi ya simu na uilaze kando ya mkono ili mwanga upite juu ya ngozi kwa ubavu. Mwinuko utatupa kivuli. Kisha pitisha ncha ya kidole taratibu na utausikia ukingo. Piga picha kwa mwanga huohuo wa ubavu, kwa sababu mabaka haya yana tabia ya kutoroka siku ya miadi, na daktari akabaki na maneno yako tu.

Kuna mwasho mkali usio na mabaka kabisa, nao haufuati mwongozo huu. Ukizidi usiku, ukakaa zaidi katikati ya vidole, viwikoni, kiunoni na sehemu za siri, na mwenzako wa kitandani naye anajikuna, fikiria upele unaoletwa na wadudu: unatibika, ila lazima wote wa nyumba moja watibiwe siku moja. Ngozi iliyokauka huwasha hasa miguuni na baada ya kuoga. Mwasho wa mwili mzima usio na kitu cha kuonekana, uliodumu wiki kadhaa, unahitaji vipimo vya ini, figo, tezi ya thairoidi, sukari na madini ya chuma. Ukiambatana na kupungua uzito, homa au jasho la kulowesha shuka usiku, usisubiri.

Lini ni dharura

Urtikaria sugu inatesa lakini kwa kawaida haiui. Midomo, kope, viganja au nyayo vinaweza kuvimba kwa kina na kukaa hivyo hadi siku 2 au 3. Inatisha kwenye kioo, ila kama unapumua na kumeza vizuri, si jambo la kukimbizwa usiku. Hali inabadilika ulimi ukivimba, sauti ikakauka ghafla, ukashindwa kumeza mate, kifua kikabana, au mabaka yakaja pamoja na kutapika, kizunguzungu au kuzirai. Hapo nenda hospitali yenye huduma ya dharura mara moja. Dawa inayookoa ni adrenalini inayochomwa kwenye msuli wa upande wa nje wa paja. Vidonge vya mzio haviwezi kuchukua nafasi yake, na muda unaopotea ukisubiri vifanye kazi ndio unaogharimu uhai. Ukisubiri msaada lala chali na miguu iinuliwe. Ukikosa pumzi kaa, ila usisimame na kutembeatembea.

Vichochezi unavyoweza kujipima

Kusaka chanzo ni kazi bure, lakini vipo vichochezi vya mwili vinavyopimika kwa dakika chache, na kuvijua kunabadilisha namna unavyoishi. Mtu mmoja anaweza kuwa na urtikaria isiyo na chanzo pamoja na kimojawapo cha hivi. Kwanza daktari akuambie ni siku ngapi uache dawa ya mzio, maana ukijipima ukiwa umeinywa, ngozi itanyamaza na utajidanganya.

*Mkwaruzo.* Tumia kifuniko cha kalamu au kitu kingine butu. Chora mstari wa sentimita 10 ndani ya mkono kwa nguvu ya kadiri, bila kuchubua. Angalia baada ya dakika 10. Mstari ukiinuka kama kamba na kuwasha, ngozi yako inajibu msuguano. Mikanda, lastiki za nguo za ndani, taulo linalosuguliwa mwilini na kucha zako mwenyewe ndivyo vinavyokuumiza. Vaa nguo pana, jifute kwa kupapasa, kata kucha fupi.

*Baridi.* Weka kipande cha barafu na maji kidogo kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, kiweke juu ya mkono kwa dakika 5, toa, subiri dakika 10. Maji kidogo yanazuia barafu isiunguze ngozi. Uvimbe wenye umbo la barafu ni jibu tosha. Anayeona jibu hilo asijitupe kwenye maji baridi, hata kama anaogelea vizuri: mwili mzima ukipoa kwa mkupuo histamini humwagika kwa wingi, presha inashuka na mtu anaweza kuzimia majini. Kama umewahi kuzirai au kuvimba koo kwa sababu ya baridi, usijipime nyumbani.

*Mgandamizo.* Huu unawapotosha wengi kwa sababu unachelewa. Ning'iniza begani mkoba wa kilo 7 wenye mkanda mwembamba kwa dakika 15, halafu kagua bega baada ya saa 6. Uvimbe wake uko ndani, unauma zaidi ya kuwasha, na unaweza kupita saa 24, kwa hiyo ule mtihani wa duara la wino hauufai. Wanaopata nyayo kuvimba jioni baada ya kusimama siku nzima, au viganja baada ya kutumia nyundo, mara nyingi wako kundi hili. Panua mkanda wa mkoba, weka soli laini.

*Joto na jasho.* Vipele vidogo sana vya milimita 1 hadi 3, vingi, vinavyochomachoma kama sindano, vinavyotokea ukikimbia, ukioga maji ya moto au ukipandwa na hasira. Hapa hakuna haja ya jaribio, historia inatosha.

Kabati la dawa likaguliwe kabla ya jikoni

Hapa ndipo tungependa nguvu ya kusaka ielekezwe. Aspirini, ibuprofen, diclofenac na ndugu zao huwazidishia mabaka wagonjwa wengi wa urtikaria sugu, bila kuwa chanzo cha ugonjwa. Mtu anajikuna usiku, kichwa kinamuuma kwa kukosa usingizi, anameza ibuprofen, kesho amejaa mwili mzima na lawama inamwangukia samaki. Paracetamol ndiyo salama zaidi kwa wengi. Kama daktari amekupa aspirini ya moyo, usiiache mwenyewe, mwulize. Codeine na morphine nazo huzifungua seli masti moja kwa moja.

Kundi la pili ni dawa za presha ambazo majina yake huishia na "-pril": enalapril, lisinopril, captopril. Hizi huleta uvimbe wa midomo, ulimi au uso *bila* mabaka, wakati mwingine baada ya miezi au miaka ya kuzitumia bila tatizo. Ukivimba hivyo, dawa za mzio hazisaidii, kwa kuwa kinachovimbisha hapo si histamini. Onana na daktari siku hiyohiyo akubadilishie. Na kama tangu ujana unavimba bila mabaka, huku tumbo likisokota vibaya, na kwenu kuna wengine wa hivyo, taja hilo waziwazi: upo ugonjwa wa kurithi wenye tiba yake peke yake.

Vipimo: vichache

Kwa mgonjwa ambaye historia yake haina kitu cha ajabu, kinachohitajika ni hesabu kamili ya chembe za damu na kipimo kimoja cha uvimbe mwilini, ESR au CRP. Mtaalamu anaweza kuongeza IgE ya jumla (kingamwili inayohusika na mzio) na kingamwili dhidi ya thairoidi, kwa sababu ugonjwa wa tezi hiyo huambatana na urtikaria sugu mara nyingi kuliko kwa watu wengine. Choo kipimwe minyoo kama kuna dalili za tumbo au kama aina ya chembe nyeupe ziitwazo eosinofili zimepanda. Bakteria wa tumbo, H. pylori, apimwe kama una kiungulia au maumivu ya tumbo.

Vile vipimo vya damu vinavyokuletea orodha ndefu ya vyakula "usivyopatana navyo" kwa kupima IgG, kingamwili ya aina nyingine, usivilipie. IgG ya chakula inaonyesha kwamba umekila chakula hicho, basi.

Dawa: kila siku, uwe unawashwa au huwashwi

Kosa linaloharibu tiba kuliko yote ni kumeza kidonge pale unapoanza kuwashwa. Kidonge hakiwezi kuirudisha histamini iliyokwishamwagika. Kinachofanya ni kukaa kwenye vipokezi vyake kabla haijafika, kama mtu aliyewahi kiti. Ukimeza baada ya mabaka kutoka, kiti kimeshakaliwa. Mabaka yanaisha kwa muda wake, nawe unasema dawa imefanya kazi au haikufanya, na yote mawili ni kubahatisha. Kwa hiyo: kila siku, saa ileile, hata siku ambayo ngozi iko safi.

Chagua moja kati ya zile za kizazi cha pili, ambazo haziingii sana kwenye ubongo. Kwa mtu mzima vipimo vya siku ni hivi:

- cetirizine 10 mg
- levocetirizine 5 mg
- loratadine 10 mg
- desloratadine 5 mg
- fexofenadine 180 mg
- bilastine 20 mg

Zinatofautiana kidogo. Cetirizine huanza kazi haraka, ndani ya saa moja hivi, lakini huwapa baadhi ya watu usingizi. Inywe jioni, na mwenye figo dhaifu apunguziwe kipimo. Fexofenadine haileti usingizi ila haipendi juisi ya matunda, inayozuia isinyonywe vizuri. Inywe kwa maji, na iachane kwa saa 2 na dawa za kiungulia zenye alumini au magnesi. Bilastine inataka tumbo tupu: saa 1 kabla ya kula au saa 2 baada ya kula. Ukiinywa pamoja na chai ya asubuhi na vitafunio, unaweza kudhani "imekukataa" bure. Mjamzito na anayenyonyesha kwa kawaida hupewa loratadine au cetirizine, kwa ushauri wa daktari. Mtoto wa miaka 2 hadi 5 hupewa cetirizine ya maji 2.5 mg mara mbili kwa siku, wa miaka 6 hadi 11 hupewa 5 mg mara mbili. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, vijiko vya nyumbani havilingani.

Chlorpheniramine na promethazine, vidonge vya zamani vya bei ndogo, vinaondoa mwasho kweli. Lakini vinaingia ubongoni, vinaharibu ubora wa usingizi hata kama vinakulaza upesi, na asubuhi mtu anaendesha gari akiwa hajaamka vizuri. Kwa wazee huongeza kuanguka, kuchanganyikiwa na kuzuia mkojo. Kwa ugonjwa wa miezi na miaka havifai kuwa dawa ya kila siku.

Ipe dawa wiki 2 hadi 4. Kama imesaidia nusunusu, miongozo ya kimataifa ya ugonjwa huu inamruhusu daktari kupandisha dawa ileile hadi mara nne ya kipimo cha kawaida, yaani cetirizine hadi 40 mg au bilastine hadi 80 mg kwa siku. Wafamasia wengine hushtuka wakiona hivyo kwenye cheti, kwa sababu boksi linasema kimoja. Cheti hakina kosa, mradi kimeandikwa na daktari aliyeangalia figo, ini, moyo na dawa nyingine unazotumia. Usijipandishie mwenyewe, na siku za kwanza za kipimo kipya usishike usukani mpaka ujue kinavyokufanya. Kuchanganya aina mbili tofauti za dawa hizi kwa wakati mmoja, jambo ambalo watu hulifanya sana, hakujathibitika kuwa bora kuliko kupandisha moja.

Daftari la alama

Kumbukumbu ya mtu anayewashwa si ya kutegemewa. Wiki mbaya inafuta kichwani wiki tatu nzuri zilizoitangulia, na daktari akiuliza "unaendeleaje?" jibu linakuwa "vilevile". Kila jioni, saa ileile, andika namba mbili kuhusu saa 24 zilizopita.

Ya kwanza ni mabaka: 0 kama hakuna, 1 kama hayafiki 20, 2 kama ni 20 hadi 50, 3 kama yamepita 50 au yameungana yakafunika sehemu kubwa. Ya pili ni mwasho: 0 hakuna, 1 upo lakini haukusumbui, 2 unasumbua ila unafanya kazi na kulala, 3 unakukatiza kazi au usingizi. Jumlisha. Siku moja haiwezi kupita 6, na wiki haiwezi kupita 42.

Mfano: Jumatatu mabaka 2, mwasho 3, jumla 5, Jumanne 1 na 2, jumla 3, na kuendelea hadi Jumapili. Wiki ikitoa 6 au chini, ugonjwa umedhibitiwa vizuri, na 0 ndiyo shabaha. Kati ya 7 na 15 ni hafifu, 16 hadi 27 ni wa kati, 28 na kuendelea ni mkali. Mtu aliyeshuka kutoka 33 hadi 18 kwa mwezi ataapa kwamba dawa haifanyi kazi, kwa kuwa bado anajikuna. Namba zinamwambia kwamba inafanya, ila kipimo hakijatosha. Hiyo ni tofauti ya kuacha dawa na kuipandisha.

Pembeni ya namba andika neno moja moja tu: homa, hedhi, dawa ya maumivu, mbio, usiku bila usingizi. Msongo wa mawazo nao huzidisha, lakini asikuambie mtu kwamba ndio ugonjwa wenyewe. Usiandike kila tonge. Utarudi kulekule kwenye kusaka.

Usiku wa mwasho

Loweka kitambaa kwenye maji baridi, kikamue, kiweke juu ya mabaka kwa dakika 10 hadi 15, rudia. (Wale ambao barafu iliwavimbisha wasifanye hivi.) Losheni ya kalamaini au krimu yenye menthol 1% hupoza kwa muda. Iweke kwenye jokofu na itapoza zaidi. Maji ya moto yana hila: dakika ile yanapopita juu ya mwasho unasikia raha isiyo kifani, halafu mishipa inatanuka na nusu saa baadaye umejaa upya. Oga maji ya uvuguvugu, dakika 10, sabuni isiyo na manukato, kisha paka mafuta yasiyo na harufu ngozi ikiwa na unyevu bado. Chumba kiwe na hewa, shuka nyepesi. Mkono ukitaka kukuna, bonyeza kwa kiganja au pigapiga taratibu.

Krimu za steroidi haziwezi ugonjwa huu. Baka linatokea ndani zaidi ya pale krimu inapofika, na kabla hujamaliza kupaka limehama. Kinachobaki ni ngozi iliyokonda na kubadilika rangi kwa kupakwa miezi. Krimu za mzio zenye diphenhydramine nazo ziache, huweza kuzusha mzio wa kweli wa ngozi juu ya tatizo ulilonalo.

Chakula? Ukigundua mara tatu mfululizo kwamba pombe au pilipili inakuchemsha, punguza. Ukivimba kila mara ndani ya saa 2 baada ya chakula kilekile, mwambie daktari. Zaidi ya hapo, kula.

Vidonge vikishindwa

Wengi hukimbilia prednisolone, steroidi ya kumeza, na inafanya kazi kwa kasi ya kushangaza. Siku mbili ngozi ni kioo. Shida inaanza ikiachwa. Mabaka hurudi, mara nyingi kwa fujo zaidi, mgonjwa anairudia, na baada ya mwaka ana sukari, presha, uso wa mviringo na mifupa dhaifu juu ya mwasho uleule. Ikitumika, iwe kwa mlipuko mkali, isizidi siku 10. Kabla yake daktari afikirie minyoo ya strongyloides kwa yeyote aliyeishi penye minyoo hiyo, maana steroidi huiachia isambae mwili mzima, na hilo huua. Sindano ya "kukausha mzio" inayotolewa bila maelezo mara nyingi ni steroidi ya muda mrefu. Uliza jina lake na liandikwe kwenye daftari lako.

Hatua halisi inayofuata ni sindano ya omalizumab, 300 mg chini ya ngozi kila wiki 4, kuanzia umri wa miaka 12. Inaikamata IgE kabla haijazichokoza seli masti. Wapo wanaopona mwasho ndani ya wiki moja, wapo wanaohitaji hadi miezi 6, kwa hiyo usiikatie tamaa baada ya sindano ya pili. Baada ya sindano za mwanzo utaombwa usubiri kituoni, kwa sababu kwa nadra huleta mzio mkali. Endelea na vidonge vyako wakati huohuo. Bei yake ni kikwazo kikubwa, na hapo ciclosporin huwa njia ya kando: vidonge vinavyotuliza kinga, vinavyohitaji presha na figo kupimwa mara kwa mara. Asiyetaka kupimwa asivianze.

Kupunguza dawa

Urtikaria sugu ya namna hii huisha yenyewe kwa watu wengi, baada ya mwaka mmoja au miaka kadhaa. Dawa haiifupishi, inakuwezesha kulala mpaka itakapochoka. Kwa hiyo lazima ujaribu kupunguza, la sivyo hutajua kama imeondoka.

Subiri alama za wiki ziwe 0, au karibu na hapo, kwa miezi 3 hivi mfululizo. Kama ulikuwa kwenye vidonge 4 kwa siku, nenda 3, kaa wiki 4, kisha 2, na kuendelea. Ukifika kimoja, kinywe siku moja na kuruka moja kwa wiki kadhaa kabla ya kuacha. Usikate ghafla, hasa cetirizine na levocetirizine: baadhi ya waliozitumia kila siku kwa muda mrefu hupata mwasho mkali wa mwili mzima siku chache baada ya kuziacha, hata kama hawakuwahi kuwa na urtikaria, na mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya hilo. Mwasho huo ukija bila mabaka, ni wa kuacha dawa. Rudi kwenye kipimo cha mwisho kisha ushuke polepole zaidi. Ukija na mabaka, toa kalamu, zungushia, andika saa. Likiwa limeondoka kabla ya saa 24 ugonjwa bado upo: rudi hatua moja juu, kaa hapo miezi 3 mingine, halafu ujaribu tena.